Kongwa Ilitufundisha Ubalozi

Hotuba kwa wanafunzi wa uhusiano wa kimataifa, walimu na wageni waalikwa, Dodoma

Mheshimiwa Mwenyekiti, wakuu wa idara, walimu wenzangu, wazee wetu mliotoka Chamwino, Mpwapwa na Kongwa kuja kukaa nasi, wanangu wanafunzi: mbukwenyi!

Ahsanteni kwa kuitikia. Wazee wangu, shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie diplomasia ya umma na ualimu, kwa kuwa umri wangu wa kazi umeishia katika mambo hayo mawili. Nilianza na chaki, nikifundisha Historia na Kiswahili sekondari. Baadaye nikaingia Wizara ya Mambo ya Nje, nikakaa kwenye madawati, nikapelekwa vituoni ng'ambo, nikapanda ngazi kama ofisa yeyote wa utumishi wa nje apandavyo, hadi nikakabidhi hati za utambulisho kwa jina langu, yaani nikawa balozi. Nilipostaafu nikarudi darasani, na ndipo mnaponiona leo.

Jambo ninalokuja kulitetea ni moja, na ningependa mlibishie kwa hoja. Kila mara Tanzania ilipojijengea jina jema mbele ya watu wa mataifa mengine, ilijijengea kwa kufundisha na kwa kupokea wageni. Kwa hiyo tukiwa na shilingi ya kutumia kwa ajili ya jina letu nje, shilingi hiyo impate mwalimu kabla ya kumpata mchapa vipeperushi.

Maana ya diplomasia ya umma sitakaa nayo sana, mmeisoma. Balozi kwa desturi husema na serikali. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961, katika kifungu chake cha tatu, unaeleza kazi za ubalozi: kuiwakilisha nchi, kulinda maslahi yake na ya raia wake, kufanya majadiliano, kufuatilia hali ya nchi mwenyeji kwa njia halali na kutoa taarifa nyumbani, na kukuza urafiki. Mahali ambapo ubalozi unatoka ofisini kwa waziri ukaenda kuzungumza na mwananchi wa kawaida, yaani mwalimu, mwandishi wa habari, mkulima, mwanafunzi, hapo ndipo inapoanza diplomasia ya umma. Jina hilo kwa maana tunayoitumia sasa lilianza mwaka 1965, na aliyelianzisha ni Edmund Gullion, mwanadiplomasia wa Marekani aliyekuwa balozi Kongo, kisha akawa mkuu wa Fletcher School, chuo cha diplomasia katika Tufts University. Naye basi alitoka ubalozini akaingia darasani.

Lakini kazi yenyewe ilikuwepo kabla ya jina. Ufaransa ilikuwa na Alliance Française tangu 1883. Uingereza ikaanzisha British Council mwaka 1934. Ujerumani ikawa na Goethe-Institut mwaka 1951. Wachina wakaja na Taasisi za Confucius kuanzia 2004, na baadhi yenu mmejifunza Kichina hapa hapa Dodoma, pale UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, bila kupanda ndege. Ziangalieni taasisi hizo kwa makini. Mataifa tajiri, yenye redio, magazeti na filamu, yalipotaka kupendwa yalifungua madarasa ya lugha na maktaba. Wapo wazee katika ukumbi huu waliosoma vitabu vya maktaba ya British Council au ya Wamarekani pale Dar es Salaam wakiwa vijana, na hadi leo wanazungumza habari za maktaba hizo kwa upendo. Wakuu wa balozi waliokuwepo siku zile hawawakumbuki.

Sasa twendeni Kongwa. Nitakaa huko kwa muda, kwa sababu sijaona mahali pengine duniani ambapo somo la diplomasia ya umma limeandikwa mara mbili kwenye ardhi ileile, mara ya kwanza kwa kushindwa na mara ya pili kwa kufaulu.

Mnaijua njia. Mnatoka hapa kwa barabara ya Morogoro, mnafika Mbande, mnaiacha barabara kuu mkielekea Kongwa na Mpwapwa. Mwaka 1946, Vita Kuu ya Pili ikiwa imekwisha na Waingereza wakiwa bado wanapata mafuta ya kupikia kwa mgawo, serikali ya London ilituma watu watatu Afrika Mashariki kuangalia kama karanga zingeweza kulimwa huku kwa mashine na kwa wingi. Walizunguka kwa wiki tisa, sehemu kubwa wakiwa ndani ya ndege. Wakarudi na mapendekezo ya kulima zaidi ya ekari milioni tatu, nyingi zake Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mwaka uliofuata kazi ikaanzia Kongwa. Kwa upande wa matangazo hakukuwa na upungufu wowote. Mradi ulisifiwa Uingereza kote, na wanajeshi waliokuwa wametoka vitani wakaomba kazi kwa maelfu.

Kilichofuata wazee wetu mnakijua. Matrekta yalikuja, yakafuatwa na vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa mashine za kung'oa miti. Mibuyu ikakataa kung'oka. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi, ukipigwa jua unakaza hata karanga zilizokwisha kukomaa hazitoki ardhini. Mvua ikaja kwa ratiba yake yenyewe. Mwaka 1951 mradi ukafungwa, na pauni zipatazo milioni 36 zilikuwa zimekwisha kuteketea.

Fikirini nani alikuwa anaishi Kongwa mwaka ule wa 1946. Walikuwapo watu wazima waliookoka njaa ya Mtunya, ile iliyoipiga Ugogo baada ya majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza kuchukua nafaka na ng'ombe na mvua ikakosekana. Watu wale walijua kwa nini mababu zao walipanda uwele na mtama. Walijua kwa nini mfugaji mwenye busara hagandi na kundi lake lote mahali pamoja, bali anaweka mifugo mingine kwa ndugu na marafiki wa mbali. Walikuwa na kumbukumbu ya mvua ya miaka mingi kuliko daftari lolote la serikali. Maarifa hayo yalikuwa hapo, bure, umbali wa salamu na kigoda cha kukalia. Ila kutoka kwenye ndege huwezi kumsalimu mtu, na mpango ulikuwa umekwisha kupitishwa London.

Ofisa wa diplomasia ya umma akipelekwa kituoni anakabiliwa na jaribu hilohilo. Anafika na sanduku la vipeperushi vyenye picha ya Kilimanjaro na twiga. Ana hotuba aliyotumiwa. Ana ratiba ya maonyesho. Anaweza kumaliza miaka yake yote pale bila kukaa na mwenyeji mmoja akamuuliza: ninyi hapa mnatufahamu kwa lipi, na mnataka kujua nini? Huyo anapita juu ya nchi ya watu kwa ndege, hata kama anatembea kwa miguu.

Tuje kwenye mara ya pili. Mwaka 1963 Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliunda Kamati ya Ukombozi na kuiweka Dar es Salaam. Mwaka 1964 ikafunguliwa kambi ya wapigania uhuru, na mahali palipochaguliwa ni Kongwa, penye mabaki ya mradi wa karanga. Wakaja vijana wa FRELIMO kutoka Msumbiji, wa ANC kutoka Afrika Kusini, wa SWAPO kutoka iliyokuwa ikiitwa Afrika ya Kusini Magharibi, na wengine kutoka Angola na Zimbabwe. Samora Machel alipita hapo. Wapiganaji wa kwanza wa SWAPO waliondoka Kongwa mwaka 1965, na tarehe 26 Agosti 1966 mapigano ya Omugulugwombashe yakafungua vita vya uhuru wa Namibia. Siku hiyo kwa Wanamibia ni sikukuu ya taifa hadi leo. Nchi nzima inaadhimisha kila mwaka safari iliyoanzia kilomita zisizofika mia moja kutoka ukumbi huu, na mimi nimekutana na vijana wa Dodoma wasiolijua jambo hilo. Linaniumiza, nasema wazi.

Wenyeji wa Kongwa waliishi na wageni wale kwa miaka. Walikutana sokoni, kisimani, kwenye mpira na kwenye ngoma. Walioana, na watoto wakazaliwa. Haikuwa rahisi kila siku, nanyi msikubali kuhadithiwa kwamba ilikuwa rahisi: vijana wengi, mbali na mama zao, wenye mafunzo ya silaha, wanangoja kutumwa vitani na amri haiji. Kambi kama hiyo ina manung'uniko yake, na kijiji kilicho jirani nayo kina yake. Walisemezana, wakavumiliana. Wazee husema mgeni njoo mwenyeji apone, na mimi nadhani Kongwa ilipona kweli. Mahali palipojulikana duniani kwa karanga zilizoshindikana pakajulikana kwa kulea uhuru wa nchi nyingine.

Baada ya Kongwa ilikuja Mazimbu, kule Morogoro. Wanafunzi wa Soweto, Afrika Kusini, walipopigwa risasi tarehe 16 Juni 1976, wengi walikimbia nchi yao wakiwa hawajamaliza shule. Tanzania ikawapa ANC ardhi, ikajengwa shule, ikapewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Walipoanza kurudi kwao, mwaka 1992 waliikabidhi Mazimbu kwa Tanzania, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Kusini, Tunduru, FRELIMO ilikuwa na shule ya msingi; mmoja wa watoto waliosoma hapo ni Filipe Nyusi, ambaye baadaye akawa Rais wa Msumbiji. Na Msumbiji ilipopata uhuru wake mwaka 1975, haikupita miaka mingi serikali yake na yetu zikaanzisha kwa pamoja, mwaka 1978, chuo cha kuwaandaa wanadiplomasia pale Kurasini. Ndicho Chuo cha Diplomasia ambacho sasa kina jina la Dkt. Salim Ahmed Salim, aliyepelekwa kuwa balozi wetu Misri mwaka 1964 akiwa na umri wa miaka 22.

Serikali ya miaka ile haikuwa na fedha za kununua ukurasa katika gazeti la London wala New York. Ilikuwa na shule, kambi, mashamba, na masafa ya Radio Tanzania ambayo iliwaazima wapigania uhuru waseme na watu wao. Na ililipia gharama. Desemba 1965 tulivunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, Zimbabwe ya leo, ambako walowezi wachache walikuwa wamejitangazia uhuru, na mkopo wa pauni milioni saba na nusu uliokuwa uje kwetu ukazuiwa. Kwa nchi changa hizo hazikuwa fedha za kuchezea.

Leo watu wanauliza ilituletea nini. Mimi nawaomba watazame meza moja tu. Agosti 2019, wakuu wa nchi za SADC, Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, walikutana Dar es Salaam wakakubali Kiswahili kiwe lugha ya nne rasmi ya jumuiya yao. Kuizunguka meza ile walikuwapo Msumbiji, Namibia, Angola, Zimbabwe na Afrika Kusini. Novemba 2021 UNESCO ikaitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na Februari 2022 Umoja wa Afrika ukakifanya Kiswahili lugha yake ya kazi. Maazimio haya yana sababu nyingi na yalifanyiwa kazi na watu wengi. Lakini mwanadiplomasia anayejua kazi yake anajua kwamba hoja yako inapokelewa vizuri zaidi na mtu ambaye baba yake aliwahi kula ugali nyumbani kwenu.

Naomba niwataje watu wachache. Mnamjua Mwalimu Nyerere, aliyeacha kufundisha Pugu mwaka 1955 kwa sababu ya siasa, na jina la kazi yake likabaki naye mpaka kaburini. Mama Getrude Mongella alikuwa mkufunzi wa walimu Chang'ombe kabla ya siasa. Mwaka 1995 dunia ilimwona Beijing akiwa Katibu Mkuu wa Mkutano wa Wanawake. Dkt. Asha-Rose Migiro alifundisha sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha akawa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuanzia 2007 hadi 2012. Mzee John Malecela, mwana wa Mvumi hapa kwetu, alituwakilisha Umoja wa Mataifa katika miaka ya sitini, na mwaka 1986 alikuwa katika kundi la Jumuiya ya Madola lililoingia Afrika Kusini kuwasikiliza Makaburu na wapinzani wao, hata wakamwona Mandela akiwa gerezani.

Nataka nikae kidogo na Balozi Augustine Mahiga, aliyefariki hapa hapa Dodoma Mei 2020. Naye alikuwa mhadhiri Dar es Salaam kabla ya kuingia serikalini. Umoja wa Mataifa ulipomkabidhi suala la Somalia, ofisi yake ya kisiasa ilikuwa Nairobi, na ilikuwa imekaa nje ya Somalia kwa miaka 17. Mahiga aliona haiwezekani kuwasaidia watu uliowapa kisogo kwa umbali wote huo. Januari 2012 akaihamishia ofisi Mogadishu, wakati mji ule ulikuwa bado unanuka baruti. Sisi tuliokuwa katika utumishi tulielewa alichofanya. Mwalimu anaingia darasani. Hafundishi kupitia dirishani.

Na yupo mwalimu mwingine wa kwetu ambaye hakuwa na pasipoti ya kidiplomasia, marehemu mzee Hukwe Zawose, Mgogo. Alikuwa mmoja wa walimu wa Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Alibeba ilimba na zeze, ala za muziki za Wagogo, hadi Ulaya, Japani na kwingineko, akarekodi katika studio za mwanamuziki Peter Gabriel Uingereza, na aliimba Kigogo bila kukipunguza ili kimfurahishe mtu. Watu waliketi wakamsikiliza kwa lugha wasiyoijua. Nilipokuwa kituoni nilipokea barua kutoka kwa wapenzi wa muziki waliotaka kujua Dodoma iko wapi, na barua hizo zilinifungulia milango ambayo kadi yangu ya kazi isingeifungua.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe inavyokwenda, maana baadhi yenu mnaitamani. Asubuhi unasoma magazeti ya nchi mwenyeji na kuandika muhtasari kwa balozi na kwa wizara. Unajibu waandishi wa habari. Unasaidia msafara wa wafanyabiashara. Unaandaa sherehe za Muungano na za Uhuru, na hapo utagombana na mpishi na mtu wa itifaki kwa siku moja. Hayo yote yanahitajika. Ila mimi niliyapenda mambo mawili kupita mengine: kwenda mashuleni, na darasa la Kiswahili la jioni pale ubalozini.

Mashuleni nilikuwa na desturi moja. Kabla sijasema lolote, niliwaomba wanafunzi waandike kwenye karatasi jambo moja wanalolijua kuhusu Tanzania na jambo moja wanalotaka kulijua. Nilizikusanya, nikazisoma kwa sauti, na hotuba yangu ikawa ni majibu ya karatasi zile. Katika mji mmoja wa kaskazini ya Ulaya msichana wa miaka kama kumi na mitano aliandika swali moja tu: kwa nini mnawaua watu wenye ualbino?

Ilikuwa miaka ile ambayo mauaji hayo yalikuwa yakiandikwa duniani kote. Kwenye mkoba wangu nilikuwa na taarifa rasmi iliyoandaliwa vizuri. Niliiacha ndani ya mkoba. Nikamwambia: mwanangu, ni kweli, yametokea, zaidi upande wa Kanda ya Ziwa, na yanatutia uchungu na aibu. Nikaeleza biashara ya ushirikina inavyokwenda, nani ananunua na kwa nini, na kwamba wanaouawa ni raia wenzetu, wana wazazi na majina. Nikaeleza kwamba kuna watu wamekamatwa na kuhukumiwa, kwamba mwaka 2008 Rais Kikwete alimteua mama Al-Shaymaa Kwegyir, mwenye ualbino, kuwa mbunge, na kwamba Bunge analokwenda kukaa liko Dodoma. Nikasema pia kwamba hayo hayatoshi, na kwamba wapo Watanzania wengi wanaohangaika kila siku ili yakome. Darasa lile lilikaa nami hadi kengele ikapita. Mwalimu wao alinialika tena mwaka uliofuata, na mwaka uliofuata huo.

Kuna maofisa watakaowaambia kwamba kazi ya ubalozi ni kulinda taswira ya nchi, na kwamba swali kama lile hukwepwa. Siwaafiki. Mtoto anayekuuliza jambo gumu amekupa heshima; amedhani wewe ni mtu wa kuaminika. Ukimzungusha, umemthibitishia kwamba si wewe wala nchi yako mnaostahili heshima hiyo, na atalikumbuka hilo akiwa mtu mzima, labda akiwa ofisini mahali ambapo tungependa atusikilize. Usiseme uongo kwa niaba ya nchi. Nchi haikukutuma uongo.

Darasa la jioni nalo lilinifundisha mengi. Walikuja wauguzi waliokuwa wakijiandaa kuja kujitolea huku, wastaafu waliowahi kufanya kazi Tabora au Mtwara miaka ya zamani, wake na waume wa Watanzania, vijana waliozaliwa ng'ambo na wazazi wetu wanaotaka kuzungumza na bibi kwa simu. Walikuwa na hamu kubwa. Tulichokosa ni walimu. Iliaminika kwamba kila Mtanzania anajua Kiswahili, kwa hiyo ofisa yeyote aliyekuwa na nafasi jioni hiyo angeweza kukifundisha. Mwanafunzi akiuliza kwa nini tunasema mti umeanguka na mtoto ameanguka, ofisa anajibu: ndivyo tunavyosema. Mwanafunzi wa namna hiyo hurudi mara mbili, ya tatu humwoni. Kufundisha ngeli kwa mgeni ni ujuzi wa watu waliosomea, wenye vitabu vya hatua kwa hatua, wenye mazoezi na kanda za kusikiliza. Walimu hao tunao. Wanahitimu katika vyuo vyetu kila mwaka, na wengine wanakaa nyumbani wakitafuta ajira huku madarasa ya ng'ambo yakifundishwa na dereva mwenye moyo mwema.

Ndiyo maana nasema shilingi iende kwa mwalimu. Ubalozi wenye mwalimu mmoja wa Kiswahili aliyefundishwa vizuri, mwenye chumba, ubao na mkataba wa miaka mitatu, utatengeneza marafiki wengi kuliko maonyesho ya siku mbili. Kipeperushi anakipokea mtu kwa adabu, kisha kinabaki kwenye kiti cha treni. Aliyejifunza kwako kuhesabu, kusalimu na kuuliza njia hakusahau.

Upande wa pili wa jambo hili uko kwetu hapa. Wizara ziko Mtumba, mji wa serikali hapa Dodoma. Balozi nyingi za nje bado ziko Dar es Salaam, lakini zitakuja, na maofisa wao watapanga nyumba, watanunua zabibu barabarani, watapeleka watoto shule. Na kabla hawajafika hao, wapo tayari wanafunzi wa kigeni katika vyuo vya mji huu. Mwanafunzi kutoka Burundi, Komoro au Sudan Kusini anapozungushwa dirishani wiki nzima kwa sababu ya karatasi moja, na hakuna anayeinua kichwa kumwambia karibu ukae, sisi ndio tunaoandika ripoti atakayoipeleka kwao. Nawaomba wakuu wa vyuo mliopo hapa: teueni mtu katika kila chuo, mwenye simu inayopokelewa, ambaye kazi yake ni wanafunzi hao tu. Halihitaji bajeti kubwa. Na serikali nayo ingetoa nafasi chache za masomo kila mwaka, kwa jina, kwa ajili ya vijana wa nchi zilizopita Kongwa. Namibia na Msumbiji wasomeshe watoto wao hapa, karibu na kambi ya babu zao.

Nimalizie na kazi ya muhula huu, kwa sababu wanafunzi wangu wanaisubiri na wageni wangependa kuisikia.

Tunakwenda Kongwa kuwahoji wazee waliowafahamu wapigania uhuru. Wamebaki wachache, na kila mwaka wanapungua. Mtakwenda vikundi vya watu watano. Mtaanza kwa mwenyekiti wa kijiji, mtajitambulisha, mtaeleza mnachotafuta na mtakachokifanya nacho. Kwa mzee mtapiga hodi, mtasalimu, mtakaa. Simu ya kurekodi haitoki mfukoni mpaka aridhie. Swali la kwanza lisihusu Samora wala mtu yeyote mkubwa. Muulizeni yeye alikuwa na umri gani, alikuwa anafanya kazi gani, aliwaona wageni wale mara ya kwanza wapi. Waulizeni na akina mama, maana ndio waliowauzia chakula, na wengine ndio waliowazalia. Yaliyokuwa machungu yaandikeni kama yalivyosemwa. Akisema hili msiliandike, msiliandike. Nakala ya kila mahojiano itabaki shule ya kijiji kile, kabla ya nakala nyingine yoyote kuja chuoni.

Kila kikundi lazima kiwe na anayejua Kigogo vizuri, si cha salamu tu. Wenye lugha jigaweni ninyi wenyewe, nisiwagawe mimi. Majina niyapate kwa kiongozi wa darasa kabla ya Ijumaa. Sasa, Mwenyekiti, kwa ruhusa yako, maswali yaanzie kwa wazee wa Kongwa waliokaa pale mstari wa pili, kwa sababu nina hakika yapo niliyoyasema ambayo wao waliyaona kwa macho na wana ya kuongeza.